Mfereji wa Bi. Mwanamkuu

Jeli ni baridi kama tumbo la changu.
Rukia Lali ananiambia nigeuzie uso ukutani
kisha anakiburura kidude chake shingoni mwangu
polepole, kama fundi apapasaye nyumba ya mawe
akitafuta unyevu umeingilia wapi.

Kwenye kioo, usiku wa kijivu.
Ndani ya usiku, mfereji.
Mfereji naujua nikiuona.
Miaka thelathini na miwili nimeijenga ya Langoni,
ya Mkomani, nyuma ya misikiti, chini ya ngazi za watu,
chokaa kwa mchanga, chokaa kwa mchanga.
Mitelemko yote ya Amu
imeandikwa mgongoni mwangu.

"Hapa mshipa unagawanyika," asema.
"Mmoja waenda ubongoni, mwingine usoni.
Na hapa, penye njia panda, unatanuka kidogo.
Ndivyo tulivyoumbwa."

Nikamwona Bi. Mwanamkuu, Mungu amrehemu,
mlangoni pake, mwaka wa ile mvua, mkono kiunoni:
"Ndia ya mai imebana, Shekuwe. Ipanue."
Nikaipanua. Akanilipa, na mkate wa sinia juu yake.
Wiki ya tatu, maganda ya ndizi, mavi ya punda,
unyoya wa kuku, tope laini kama uji wa mgonjwa,
vyote vimelala palepale penye upana,
ilhali juu na chini, mfereji ulipobana,
sakafu imesuguliwa ikang'aa.
Sikumwambia mtu.
Maji yakipewa nafasi husahau safari.

"Chembe za ukutani zinaisikia damu ikipita," asema Rukia.
"Inapokwenda kasi, mwendo mmoja,
hujilaza kuufuata mkondo,
nyembamba, zimeshikana kama ukili.
Zinasuguliwa, na huko kusuguliwa ndiko kunakozilinda.
Lakini damu ikizubaa, ikajizungusha, ikarudi nyuma,
hazijui zielekee wapi.
Hukaa duara duara, milango nusu wazi,
na lehemu iliyokuwa inapita njia
inakaribishwa ndani."

Inakaribishwa.
Kama mgeni wa Ijumaa asiyeondoka.
Akanionyesha: kivuli cheupe, ukubwa wa punje ya mtama,
kimekaa kitako kwenye upana wangu.

"Basi kosa ni la samli," nikauliza, "au la kona?"
Akafuta kidude kwa karatasi.
"Samli ndiyo taka, kona ndipo pa kulala.
Kona siwezi kukuondolea."
"Hata kuibana kidogo?"
"Mzee Shekuwe. Huo si mfereji."
Akaandika vidonge, akaandika kutembea,
akaandika miezi mitatu.

Nyumbani Somoe ameficha kopo la samli
nyuma ya gunia la mchele, mahali pa kwanza
ambapo ningetazama. Hatukusema kitu.
Uji haukuwa na ladha, nikaumaliza.

Baada ya swala ya alfajiri nikachukua mwiko,
ndoo, nusu mfuko wa chokaa.
Nyumba ya Bi. Mwanamkuu siku hizi hupangishwa wageni;
mmoja alichungulia dirishani, akanipungia mkono,
akafunga.
Nikapiga magoti. Nikazoa tope la miaka.
Nikarudisha ukuta ndani, shubiri moja,
shubiri niliyoiondoa kwa mkono huu huu
nikalipwa.

Haukukauka vizuri, nikashindwa kungoja.
Nikamwaga ndoo.
Maji yakafika penye kona, yakasita,
mimi nami nikasita,
halafu yakajikusanya, yakaukwaruza ukuta mbichi,
yakaondoka na ganda la pera
na chokaa yangu kidogo.

Nilikuwa na vidole viwili shingoni.
Sijui niliviweka saa ngapi.
Chini yake kitu kikigonga, kikigonga,
kikipita pale pale
ambapo siwezi kupiga magoti.